Mwalimu Anajibu: Mashetani ya Udongo na Bibi wa Mueda

Toleo lililopita niliwasimulia jinsi nilivyokwenda Maputo kwenye arusi ya mtoto wa dada yangu, nikabakiwa na siku nzima isiyo na kazi, nikaishia kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili nikitazama sanamu za udongo za Reinata Sadimba. Ziliandikwa aya nne tu na picha moja. Nilidhani mtazipita mkawahi ukurasa wa mapishi. Kumbe! Barua zimekuja mpaka mhariri ananiuliza kama nimetukana dini ya mtu. Nimezichambua nikabaki na nane, nimezifupisha, na majina nimewaachia wenyewe.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mmakonde wa Masasi, na baba yangu alichonga mpingo mpaka alipoingia kaburini. Kwetu mwanamume anachonga, mwanamke anafinyanga, na akifinyanga ni chungu na mtungi, basi. Wewe unatuambia yuko mwanamke wa Kimakonde anayefinyanga watu na viumbe vya ajabu hadi makumbusho yakampa nafasi. Nani alimruhusu? Au ni vitu vya kuwauzia Wazungu?

Marahaba, baba. Nianze na hilo la ruhusa, maana naona ndilo lililokuuma.

Reinata Sadimba alizaliwa mwaka 1945 katika kijiji cha Nemu, uwanda wa Mueda, Cabo Delgado. Ni kwenu huko huko, ng'ambo ya Ruvuma tu. Alifundishwa udongo kama binti yeyote wa Kimakonde wa wakati wake, vyombo vya kupikia na kutekea maji. Vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964 vilianzia mkoani kwao, naye alikuwa upande wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Ndoa yake ilivunjika. Mwaka 1975, mwaka ule ule Msumbiji ilipopandisha bendera yake, mikono yake ikageuka: vyungu vikaanza kuota macho, vikaota maziwa, vikaota miguu ya kusimamia. Mwaka 1980 akahamia Tanzania, akakaa kwetu hadi 1992 aliporudi kwao na kuweka makao Maputo. Miaka kumi na miwili, baba! Pengine mzee wako alipishana naye njiani, gogo begani, asijue amempisha nani.

Sasa ruhusa. Nyinyi wanaume mna mapiko, vile vinyago vya mti vya kuvaa kichwani ambavyo wanawake na watoto waliambiwa ni wafu waliorudi kucheza. Siri hiyo mnaijua kwa sababu ni yenu. Lakini wanawake wa Kimakonde nao walikuwa na vinyago vyao vya uso, vya udongo, vya kutumiwa unyagoni mahali ambapo mwanamume hakanyagi. Kama wewe na marehemu baba yako hamkuwahi kuvisikia, basi mama zenu ni hodari wa kutunza siri kuliko nyinyi, maana lipiko siku hizi linacheza hata mbele ya watalii wenye kamera. Uso wa udongo, kwa hiyo, Reinata aliukuta. Alichofanya yeye ni kuutoa ndani na kuuweka mezani watu wote wauone, na kwa hilo sidhani kama alimwomba mtu ruhusa.

Ukipata nafasi ya kuziona, hata kwenye picha, tazama nyuso kwanza. Utaona dinembo, zile chale za Kimakonde, zimekwaruzwa udongo ukiwa haujakauka. Utaona ndonya, kile kipambo cha kuchomekwa, kwenye mdomo wa juu. Ngozi yenyewe ni ya kijivu inayong'aa kama sufuria kuukuu iliyosuguliwa, kwa sababu anazipaka kinywe, yale madini ya Ruangwa na Mahenge ambayo leo magazeti yanayaandika kila wiki kwa ajili ya betri za magari. Bibi aliyaona yana faida kabla ya hao wenye magari.

Na Wazungu, ndiyo, wananunua. Mpingo wa baba yako ulikuwa ukinunuliwa na nani?

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko darasa la sita. Ameikata ile picha kwenye jarida lenu, yule mwanamke mwenye kichwa kingine tumboni, akaibandika juu ya kitanda chake. Jirani yangu mlokole alikuja kuazima ndoo akaiona, akaanza kukemea pale pale mlangoni. Anasema hayo ni mashetani ya Kimakonde na mimi nimeyakaribisha nyumbani. Sijui niibandue au niiache. Sitaki kumvunja moyo mtoto, lakini na usiku silali. Mama, Mbagala.

Marahaba mwanangu. Iache. Ndoo ameirudisha?

Tuliweke sawa kwanza hilo neno. Shetani tumelipata kwenye Kiarabu, na mlokole na sheikh wanalisikia kwa maana moja: adui wa Mungu. Mdomoni mwa mchongaji wa Kimakonde limetanuka. Ni kiumbe wa porini au wa majini, ana jicho moja au mguu mmoja, leo anakuchekesha, kesho anakupoteza njia ya kurudi nyumbani. Watu wa pwani mnao vibwengo, wao wana nandenga. Nilikuwa na babu upande wa mama aliyekuwa akikutana naye kila akitoka kilabuni, na kila mara alikuwa amevaa nguo nyingine.

Halafu sanamu zenyewe zinazoitwa mashetani, zile zilizopinda kama moshi unaopanda, si za kale kama wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mchongaji mmoja kutoka Msumbiji, Samaki Likonkoa, alikuwa akichonga mjini Dar es Salaam kwa ajili ya mfanyabiashara Mohamed Peera. Inasimuliwa kwamba kinyago chake kimoja kilivunjika mkono. Badala ya kukitupa akakipeleka hivyo hivyo, Peera akakipenda kuliko vizima, akamtaka alete vingine vya namna ile. Hapo ndipo mtindo ulipoanza. Dukani, mama. Sijapata kusikia mtu aliyepiga goti mbele ya shetani wa Likonkoa, labda mtalii anayetafuta pembe nzuri ya kupigia picha.

Nikupe na neno la pili, kwa sababu hili mimi nalipenda zaidi: kinyago. Lisikilize. Kinyago, unyago. Ni ndugu wa tumbo moja. Kabla kinyago hakijawa bidhaa ya soko la Mwenge ya kufungwa kwenye gazeti na kutiwa begini, kilikuwa kitu cha kuonyeshwa wali unyagoni, kifaa cha kufundishia, kama ile chati ya moyo na mapafu niliyoitundika ubaoni miaka yangu yote ya ualimu. Bwana mmoja Mwaustria, Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alivikusanya vinyago hivyo, vingi vya udongo, kwa Wasambaa na Wazigua na majirani zao, akaandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1956. Makusanyo yake yako Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa na fumbo lake. Kungwi anakitoa, anaimba, mwali anatakiwa atambue anaambiwa nini: habari za mimba, za ndoa, za uvivu, za heshima kwa wakwe. Ukikiondolea wimbo wake ukakiweka peke yake kwenye kioo chini ya taa, kinabaki kinakukodolea macho, na ndipo watu wanapoanza kuogopa. Hata chati yangu ya mapafu ungeikuta pangoni bila maandishi ungekimbia.

Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi makumbusho. Kijana mmoja akasimama mbele ya sanamu ndogo ya udongo iliyonyoosha mikono, akaniuliza, "Mwalimu, huyu anaomba nini?" Nikamwambia aizunguke. Akaizunguka, akarudi akicheka. "Amebeba kitu mgongoni, kimedondoka." Palikuwa na alama mbili pale mtoto alipobandikwa na kubanduka. Tangu siku ile, sanamu yoyote ya udongo naanzia mgongoni.

Lakini mama, nisikudanganye ili ulale. Vipo vyombo vya udongo vilivyofinyangwa kwa ajili ya roho hasa. Kaskazini-mashariki mwa Nigeria, bonde la mto Gongola, Wacham na Wamwana walikuwa na vyungu vya tiba. Mgonjwa anapitishiwa udongo mbichi mwilini, pale panapouma, ugonjwa unahamia udongoni, kisha mfinyanzi anaupa umbo: mgongo uliopinda, tumbo lililovimba, mdomo uliopanuka kwa maumivu. Ugonjwa umepata nyumba yake, unamwachia mtu ya kwake. Jirani zao Wayungur walifinyanga chungu chenye uso wa mzee aliyefariki, wakakitunza, wakakimiminia pombe siku zake. Vyungu vya bonde lile vilionyeshwa mwaka 2011 kwenye Makumbusho ya Fowler, Los Angeles, katika maonesho makubwa ya sanaa ya bonde la Benue. Nimeziona picha zake tu. Kile cha mgongo uliopinda nilikifunika kwa kiganja, nikafunua, nikafunika tena, kwa kuwa mgongo wangu mwenyewe unanisumbua.

Hata hivyo vya Gongola, mwanangu, vilikuwa vya kuponya. Na picha iliyo juu ya kitanda cha binti yako haijafika huko. Ni mwanamke anayesema tumboni mwake kuna mtu, na mtu huyo ana uso. Wewe mwenyewe uliwahi kuwa vile, ndiyo maana unaye wa kubandika picha.

Jirani usimbishie. Mkaribishe chai, mwambie ni mama mjamzito, atatulia. Binti naye mwambie aandike chini ya picha jina la aliyeifinyanga. Picha isiyo na jina la mtu ndiyo inayotembea usiku.

Mwalimu, nimeudhika. Uliandika kwamba kazi za huyo mama ziko kwenye jengo moja na simba na nyati waliokaushwa. Hivi mpaka leo sanaa ya Mwafrika inawekwa pamoja na wanyama na wewe unasifia? Msomaji, Morogoro.

Una haki ya kuudhika, na mimi niliudhika kabla yako. New York, kwenye makumbusho yao ya historia ya asili, ukumbi wa watu wa Afrika uko chini ya paa moja na tembo waliokaushwa, wakati wachoraji wa Ulaya wana jumba lao ng'ambo ya bustani. Aliyepanga hivyo alijua anachosema.

Maputo nilipanda ngazi za lile jengo jeupe lenye mapambo kama keki ya arusi nikiwa na hasira yako hiyo hiyo. Kisha nikafika kwenye watoto wa tembo. Wako kumi na wanne, waliotolewa matumboni mwa mama zao zamani za Wareno, tembo walipouawa kwa wingi ili kusafisha ardhi. Wamepangwa kwa umri. Mimba ya tembo ni miezi ishirini na miwili. Wa kwanza ni mdogo kama panya, halafu mkonga unaanza kujulikana, halafu masikio, hadi yule wa mwisho ambaye angebaki kidogo tu asimame. Nilikaa pale muda mrefu. Palikuwa na mama mmoja mwenye kitenge, sikujua lugha yake wala yeye yangu, akanionyesha kidole kwenye yule wa tano, kisha akajigusa tumbo. Hakuwa mjamzito. Nilimwelewa.

Kutoka hapo ndipo nikazitazama sanamu za Reinata, zile zinazozaa, zilizozaa, zilizobeba wengine mabegani na tumboni, na nikaona zinajua wanachokijua wale tembo. Makumbusho hayo ndiyo yaliyompa mahali pa kufanyia kazi aliporudi kutoka Tanzania, wakati kumbi za sanaa zilikuwa bado hazijaamua kama udongo ni sanaa. Tofauti na New York naiona hapo: kule watu waliwekwa kwenye kioo bila kuulizwa, hapa mtu aliingia kwa miguu yake akiwa na udongo wake. Kama bado unaona ni dharau sitakushawishi. Lakini kapande zile ngazi kwanza.

Kwa nini mtu alipe kiingilio kwenda kutazama matope? Msomaji, Arusha.

Kwa sababu hiyo hiyo unayolipia kutazama wanaume ishirini na wawili wakigombea ngozi.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma sanaa chuoni, natokea Bukoba. Tunafundishwa Nok na Ife za Nigeria mpaka tunazikariri. Kwani upande wetu wa Afrika hakuna sanamu za kale za udongo? Au tulianza na mpingo?

Marahaba. Mpingo ni wa juzi, mwanangu, mti haudumu mbele ya mchwa. Udongo uliochomwa ndio unaodumu.

Anza jirani na kwenu. Mwaka 1929 wafungwa wa gereza la Luzira, Kampala, wakichimba kilimani, walitoa vipande vya udongo uliochomwa: kichwa cha mtu chenye nywele zilizofinyangwa kama vifundo, na vipande vya mwili. Kichwa cha Luzira kiko London, British Museum. Vitabu vinasema kimegunduliwa, na jina la mwenye jembe halimo.

Kisha shuka Afrika Kusini, Lydenburg. Huko vipo vichwa saba vya udongo, vya karibu mwaka 500. Vipande vyake vya kwanza viliokotwa na mtoto mvulana miaka ya 1950, alipokuwa akicheza shambani, akaja kurudi alipokuwa mkubwa kidogo kuokota vingine. Viwili ni vikubwa kiasi cha kuvalishwa kichwani kama kofia. Kimoja kati ya vile vidogo kina pua ya mnyama. Wenye taaluma wengi wanadhani ni vitu vya jando au unyago, na kwamba kazi ilipokwisha vilivunjwa na kufukiwa kwa makusudi. Mimi nakubaliana nao kwa sababu isiyo ya kitaalamu: mama yangu alikuwa mfinyanzi, Upareni, na chombo kilichotumika kwa jambo zito hakikurudi jikoni. Vichwa hivyo viko Cape Town, makumbusho ya Iziko.

Ukiandika tasnifu yako, andika juu ya Luzira. Nok wana watu wa kuwasemea.

Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Mimi ni wa Unguja. Kwetu sanamu ya kiumbe mwenye roho ina hukumu yake na sitaki mjadala. Swali langu ni je, katika udongo huo unaousifia, hamna kitu cha ibada ambacho na mimi naweza kukitazama kwa moyo mkunjufu?

Wa alaykum salaam. Mjadala hatutafungua, mimi si mwanachuoni, na kila nyumba ina mlango wake.

Kitu unacho, na nadhani kiko uvunguni mwa kitanda cha bibi yako. Chetezo. Kile cha udongo, chenye mguu mmoja na kikombe cha kutilia makaa, pembeni kimetobolewa au kimechanjwa mistari. Kimefukiza ubani kwenye maulidi, udi kwenye nguo za bibi arusi, na kimepelekwa chumbani kwa mzazi na kwa maiti. Makumbusho yanapenda vyetezo vya shaba na vya fedha kwa kuwa vinang'aa, vya udongo vinaachwa stoo. Ningepewa chumba kimoja na ufunguo wake, ningejaza vyetezo vya udongo kutoka Lamu hadi Kilwa, kila kimoja na masizi yake, bila kuosha hata kimoja. Huyo mtu anayeosha masizi ya chetezo cha zamani ili kipendeze kwenye kioo simwelewi kabisa.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni binti wa Kisarawe, ulinitia hamu nikaanza kufinyanga vichwa uani. Vinapendeza mpaka naviweka motoni, kisha vinapasuka kama fataki. Kuku wamehama. Nakosea wapi? Na udongo mweupe wa Pugu unafaa?

Marahaba, fundi. Swali lako ndilo la maana kuliko yote na ningeliweka mwanzo, ila mhariri anapenda mashetani.

Vinapasuka kwa sababu ya maji. Umeona kwa nje pamekauka, ndani bado. Moto ukishika, yale maji yanakuwa mvuke, mvuke unatafuta mlango, hauuoni, unautengeneza. Kwa hiyo, kwanza, usifinyange kichwa kizima kama embe. Jenga kwa mikunjo, pete juu ya pete, kiwe na uwazi ndani, unene wa ukuta usizidi kidole chako cha mwisho, na uache tundu, shingoni au chini. Masikio na pua uzibandike kwa uji wa udongo ule ule, ukiwa umekwaruza pande zote mbili, usibane hewa katikati.

Pili, udongo mtupu ni mkaidi. Mama yangu aliuchanganya na vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa na kuchekechwa. Chungu cha zamani kinaingia kwenye chungu kipya, kinakizuia kisisinyae kwa nguvu. Mchanga nao unasaidia ukiwa mwembamba.

Tatu, subira. Wiki mbili kivulini, zaidi wakati wa masika. Kiweke shavuni: kikiwa baridi bado kina maji. Siku ya kuchoma kipashe kwanza kandokando ya moto mdogo, ukigeuze, masaa, mpaka huwezi kukishika. Hapo ndipo ukifunike kwa nyasi, vifuu, kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Moto wa uani unapanda haraka, ndiyo maana ule mwanzo wa polepole hauna mbadala.

Udongo mweupe wa Pugu usikudanganye kwa uzuri. Ni kaolini, unataka moto wa tanuri hasa, moto wako wa kuni hautauivisha, utabaki unachakaa kama chaki. Utumie kama rangi ya kupaka juu ya udongo mwekundu, au chora nao tu. Wa kufinyangia utafute bondeni, kando ya mto, ule unaonata kwenye viatu ukakasirika.

Ukitaka viwe vyeusi vinavyong'aa, tazama kazi za Magdalene Odundo. Amezaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971, na aliwahi kurudi Afrika, Abuja, kujifunza kwa wanawake wafinyanzi akiwemo Ladi Kwali. Anajenga kwa mkono bila gurudumu, anasugua kwa kijiwe laini mpaka uso wa chungu unakuwa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Akivichoma hewa ikipita vinatoka vyekundu. Akivirudisha motoni pamoja na vitu vya kuungua na kuizuia hewa, moshi unaingia ndani ya udongo, vinatoka vyeusi. Kazi zake hazina pua wala macho, lakini zina viuno, zina shingo, zina vitovu. Ukisimama mbele ya kimoja unashusha sauti. Mama zetu walijua ujanja huo wa moshi bila kwenda popote, ila hakuna aliyewaandikia jina chini ya chungu.

Kuku watarudi. Niandikie.

Mwalimu, wewe mwenyewe unafinyanga, au unaandika tu? Msomaji, Moshi.

Nilifundisha kufinyanga miaka thelathini, ambayo si sawa na kufinyanga. Mama hakutaka nishike udongo wake wakati wa kuchoma, alisema nina maneno mengi na chungu kinasikia. Kaka zangu ndio kabisa, waliruhusiwa kuleta kuni wakaishia kwenye mgomba.

Niliporudi kutoka Maputo nilinunua udongo wa shilingi elfu tano kwa mama mmoja anayeuza majiko, nikajaribu kumfinyanga yeye. Mama, nasema, si muuza majiko. Kichwa kimoja chenye nyuso mbili, moja ya kucheka, moja ya kunifukuza. Ile ya kucheka ilipasuka motoni. Ile nyingine imetoka nzima, haina hata ufa. Iko dirishani jikoni, inatazama masufuria, na mjukuu wangu ameipa kazi ya kushika funguo za geti kwenye sikio.